Mshahara Uliovaliwa Shingoni

Msafiri anayetoka Kitale kuelekea Webuye hufika Kiminini baada ya mwendo mfupi wa matatu, na njiani macho yake hukutana na mahindi pande zote mbili za barabara. Bei ya mahindi hayo si siri. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ingenunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000, na habari hiyo ikasomwa redioni, ikajadiliwa sokoni na kubishaniwa na madalali. Ujira wa mtu aliyeyapalilia mahindi yale, au aliyeyabeba mgongoni hadi ghalani, hakuna aliyeutangaza. Ulibaki kati yake na mwenye shamba.

Siku hizi watu huuliza kama mwajiri anapaswa kutangaza hadharani anacholipa, na huuliza kana kwamba jambo lenyewe limeletwa juzi na intaneti au na sheria za Ulaya. Katika Trans Nzoia, kaunti yenye Kitale na Kiminini, si jambo jipya. Vibarua wa mwanzo wa mashamba haya makubwa walitembea na mishahara yao imeandikwa kwa wino, ikatiwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kikaning'inizwa shingoni. Ili kuelewa jinsi tulivyotoka huko hadi kwenye ukimya wa leo, itabidi tuanze na sababu zilizowafanya wenye mashamba watake kuandika.

Walowezi wa Kizungu walianza kugawiwa ardhi ya Trans Nzoia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita wakaongezeka kwa mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wastaafu. Ardhi waliyopewa ilikuwa kubwa mno kuliko mikono yao. Katikati ya miaka ya 1920 tawi la reli lilifika Kitale, mahindi yakapata njia ya kwenda bandarini, na haja ya wafanyakazi ikazidi. Lakini Mbukusu wa upande wa Bungoma alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake, wala hakuwa na sababu ya kumlimia mtu mwingine kwa shilingi chache kwa mwezi. Katika soko la kawaida, uhaba wa namna hiyo hupandisha ujira. Serikali ya kikoloni ilichagua njia nyingine: ilitoza kodi iliyomlazimu mtu kutafuta fedha, ilitunga mwaka 1906 sheria ya mabwana na watumishi iliyofanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, na mwaka 1918 ikapitisha sheria iliyomtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba aliyemruhusu kuishi na kulima humo.

Chombo kilichofunga mambo hayo pamoja kilikuwa kipande. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, na utekelezaji wake ukaanza baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho, na kufikia mwaka 1924 vilikuwa vimetolewa zaidi ya vipande 500,000. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza kazi na ya kuachishwa, na kiwango cha mshahara. Historia zetu hukikumbuka kipande kama pingu ya kumzuia mtu asitoroke, na ni kweli kilikuwa hivyo. Sehemu ile ya mshahara, hata hivyo, haijapewa uzito unaostahili.

Fikiria kibarua anayebisha hodi kwenye shamba jipya. Kabla hajafungua kinywa kuomba kitu, kipande chake kimeshafunguliwa na kusomwa. Mwajiri mpya anajua aliyemtangulia alilipa kiasi gani, na hana sababu ya kuongeza zaidi ya kidogo, ikiwa ataongeza. Kibarua naye hajui wenzake wanalipwa nini kwenye shamba hilo, wala shamba la pili yake, na mara nyingi hata yale maandishi yaliyo kifuani pake hawezi kuyasoma. Mshahara ulikuwa wazi kwa upande mmoja wa meza tu.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1921 bei za mazao zilianguka duniani, na koloni lilikuwa bado linayumba kutokana na kubadilisha fedha kutoka rupia hadi shilingi. Waajiri Wazungu wakaafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wapo wanaoeleza tukio hilo kwa mdororo wa uchumi peke yake, na maelezo hayo yana nguvu, maana mlowezi mwenye deni benki hakuwa na fedha za kuchezea. Lakini mdororo hueleza kwa nini walitaka kupunguza. Kwamba waliweza kupunguza kwa pamoja, na kwa kiwango kilekile, ni suala jingine. Mwajiri mmoja akikata mshahara katika nchi yenye uhaba wa vibarua, vibarua humhama. Ili wasimhame, ni lazima majirani wote wakate, na kila mmoja awe na njia ya kuhakikisha kwamba mwenzake hakukiuka. Walowezi walikuwa na vyama vya kukutania, na kipande kiliwapa ushahidi wa maandishi. Kwa hiyo mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba hali mbaya ya uchumi ilitoa sababu, na taarifa za mishahara zikatoa uwezo.

Kupunguzwa huko kwa theluthi moja, pamoja na kodi na kipande chenyewe, ndiko kulikoiwasha siasa ya mwanaharakati Harry Thuku mjini Nairobi. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kudai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Upande wa magharibi, mkutano wa Lundha wa Desemba 1921, uliozaa vuguvugu la Piny Owacho, ulikuwa umeshadai kipande kifutwe na kodi ipunguzwe. Serikali ikashusha kodi kidogo. Kipande kikabaki.

Trans Nzoia hakukutokea kishindo kama cha Nairobi, na wanahistoria wamejaribu kueleza kwa nini. Maelezo ya kwanza ni umbali: mashamba yalitawanyika, na maskwota wa bwana mmoja hawakukutana kwa urahisi na wa bwana mwingine. Ya pili ni hofu ya kufukuzwa, kwa kuwa aliyefukuzwa kazi alipoteza pia nyumba na malisho. Yote mawili ni ya kweli. Yapo ya tatu ambayo kwangu ndiyo mazito zaidi, nayo ni kwamba mshahara wa skwota haukuwa fedha tu. Alipewa shilingi chache, posho ya unga, kipande cha ardhi cha kulima na ruhusa ya kuchunga ng'ombe. Malipo ya aina hiyo hayawezi kulinganishwa kirahisi. Mtu mwenye shilingi chache na ng'ombe ishirini alikuwa tajiri kuliko mwenye shilingi nyingi kidogo asiye na malisho, na ilikuwa vigumu wawili hao kudai jambo moja.

Jinsi mshahara wa aina hiyo ulivyoweza kupunguzwa kimyakimya ilionekana baadaye. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, nguvu ya kuamua idadi ya siku za kazi na ya mifugo ya maskwota, na katika miaka ya 1940 walowezi wa Trans Nzoia wakakazana kuwaondolea maskwota wao ng'ombe. Tarakimu ya fedha haikupungua, lakini familia zilipoteza sehemu kubwa ya zilichokuwa zikilipwa. Haishangazi kwamba Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyoanzia upande wa Kimilili, ilipata wafuasi kati ya maskwota hao, ingawa ni kosa kuifanya kuwa harakati ya mishahara. Ilihusu ardhi, mila na kufukuzwa kwa Mzungu, na mwezi Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake kule Malakisi.

Mabadiliko ya sheria za mishahara yalitoka mbali na mashamba, pwani. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, Chege Kibachia akaongoza chama chao, na serikali ikalazimika kuunda baraza la kuchunguza malipo yao. Mwaka huohuo sheria ya usajili ilibadilishwa, na kipande kikaanza kuondolewa ili nafasi yake ichukuliwe na kitambulisho cha watu wa rangi zote. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ilisema waziwazi jambo ambalo kila mke wa kibarua alilijua: mishahara ilikuwa imekadiriwa kwa mwanamume asiye na familia, na gharama ya kulea watoto ilibebwa na shamba la mkewe kijijini. Kamati ikapendekeza mshahara wa kutosha familia. Kwa lugha nyingine, wake waliobaki Bungoma walikuwa wakiwachangia walowezi wa Kitale.

Kuondoka kwa kipande kulikuwa ushindi wa haki, na sina shaka juu ya hilo. Lakini kulileta pia hali mpya, kwani kumbukumbu ya mshahara ilirudi ndani ya daftari la mwajiri na kufungiwa humo. Uhuru ulipofika, mashamba mengi yakanunuliwa na vyama vya ushirika, kampuni za kununua ardhi na watu binafsi, kisha yakakatwa vipande vidogo hadi kufikia ekari moja au mbili. Mwajiri wa Kiminini hakuwa tena bwana mwenye maelfu ya ekari. Alikuwa jirani, mwalimu mstaafu au mjane mwenye ekari tano, naye aliwaita vibarua wakati wa palizi na wakati wa kuvuna, akawalipa kwa siku. Kwenye mashamba makubwa yaliyobaki, chama cha wafanyakazi wa mashamba kilijadiliana na waajiri na kufikia mikataba ya pamoja, na mikataba hiyo ilisajiliwa mahakamani, kwa hiyo yeyote aliyetaka angeweza kuisoma. Kibarua wa siku hakuwa na chama, na habari za ujira alizipata kwa kuulizana na wenzake asubuhi.

Kundi moja la waajiriwa vijijini liliishi maisha tofauti kabisa, nalo ni walimu. Mshahara wa mwalimu wa serikali hulipwa kwa madaraja yanayojulikana, na mwenye duka anayemkopesha sukari anaweza kukadiria mshahara wake kwa kujua daraja lake tu. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, chama cha walimu KNUT chini ya Ambrose Adongo kiliitisha mgomo. Serikali ya Rais Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu, na mapatano hayo yakachapishwa kama notisi ya sheria namba 534 ya mwaka huo. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina fedha. Walimu wakagoma tena mwaka 1998 na hawakufanikiwa.

Lakini tarakimu zilikuwa zimeshachapishwa. Mwaka 2013, miaka 16 baadaye, baada ya Moi na Kibaki wote kuondoka madarakani na Adongo mwenyewe kufariki dunia, walimu waligoma wakidai marupurupu ya notisi ileile ya 1997. Wapo wanaoona hapa nguvu ya chapa: neno lililochapishwa na serikali haliwezi kumezwa tena. Wengine wanaona nguvu ya chama, kwa maana bila KNUT notisi ingelala kwenye makabati ya wanasheria. Nadhani kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, na ushahidi wangu ni kibarua wa Kiminini, kwa kuwa yeye naye ana tarakimu zilizochapishwa.

Tarakimu zake ni hizi. Bunge lilipitisha mwaka 2007 sheria mpya za kazi, na chini yake kima cha chini cha mshahara hutolewa kwa amri rasmi. Kwa kawaida nyongeza husemwa na Rais kwenye sherehe za Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei, kisha amri huchapishwa. Nyongeza ya asilimia 6 iliyosemwa Mei 2024 ilianza kutumika tarehe 1 Novemba mwaka huo. Amri hiyo ilimtaka mwajiri amlipe kibarua wa kawaida wa Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Katika miji iliyokuwa manispaa, kama Kitale, ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 14,800. Katika maeneo mengine yote, Kiminini ikiwamo, ilikuwa takriban shilingi 8,600. Na mfanyakazi wa shamba asiye na ujuzi, ambaye ana amri yake mwenyewe, kima chake kilikuwa shilingi 7,997.33.

Msomaji na azitazame tena. Mfagiaji wa Kitale na mfagiaji wa Kiminini hununua unga uleule na hupanda matatu zilezile, na kati yao amri hiyo ya 2024 iliweka tofauti ya zaidi ya shilingi 6,000. Tofauti hiyo haikufichwa. Imechapishwa, na bado wengi wanaohusika nayo hawajawahi kuiona. Sheria inamtaka mwajiri abandike mahali pa kazi maelezo ya haki za mfanyakazi, lakini chini ya mti wa shambani hakuna ukuta wa kubandika, na maafisa wa leba hawatoshi kutembelea kila kitalu.

Katiba ya mwaka 2010 ilisukuma uwazi upande wa serikali. Iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na tangu hapo malipo ya gavana, mbunge na mwakilishi wa wadi yamechapishwa katika Gazeti Rasmi. Wabunge waliochaguliwa Machi 2013 walikuta wamepangiwa shilingi 532,500 kwa mwezi, wakataka warudishiwe kiwango cha zamani cha 851,000. Mnamo 14 Mei 2013 wanaharakati walipeleka nguruwe mbele ya Bunge na kuwaita wabunge walafi. Julai 2024, wakati vijana wakiwa barabarani kupinga kodi, nyongeza ya mishahara ya wabunge iliyokuwa imeshapangwa na SRC ikasimamishwa. Pasipo tarakimu mezani, hasira za namna hiyo zingekosa pa kushika. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 nayo ikazitaka taasisi za umma zitoe viwango vya mishahara ya maafisa wao kwa madaraja. Ndiyo maana tangazo la kazi la bodi ya utumishi wa umma ya kaunti huwa na daraja na mshahara, ilhali la shule ya binafsi ya jirani huandika kwamba malipo ni mazuri na kuishia hapo.

Waajiri binafsi wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Wanasema mshindani atawanyang'anya fundi wao bora kwa kuongeza shilingi mia tano. Wanasema wafanyakazi wataoneana wivu. Wafanyakazi wenyewe wakati mwingine huunga mkono siri: mtu ambaye mshahara wake unajulikana kijijini hupokea kadi nyingi za harambee na maombi ya karo ya watoto wa binamu. Hoja hii ya mwisho ni ya haki, lakini inahusu kutangaza mshahara wa fulani kwa jina lake. Tangazo linalosema kwamba nafasi ya mlinzi ina mshahara kati ya kiasi hiki na kile halimtaji mtu.

Nchi nyingine zimejaribu njia hiyo. Jimbo la Colorado nchini Marekani liliwataka waajiri, kuanzia Januari 2021, waandike mshahara katika tangazo la kazi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo lililozipa nchi wanachama hadi Juni 2026 kuweka sheria ya namna hiyo. Denmark iliyatangulia yote hayo kwa kuyataka makampuni kutoa takwimu za malipo ya wanaume na wanawake, na watafiti waliofuatilia waligundua kwamba pengo lilipungua, ila hasa kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole zaidi. Aliyesoma habari za 1921 hatashtuka. Mshahara unaojulikana unaweza kuwa ngazi au dari, na waajiri ni wepesi wa kuzisoma takwimu kuliko waajiriwa.

Hata hivyo nasimama upande wa kutangaza. Waajiri hawakuwahi kunyimwa taarifa: walizisoma kwenye kipande, wakazibadilishana kwenye vyama vyao, na leo mwenye shule humwuliza mwombaji kazi alikuwa akilipwa nini kabla ya kumtajia chochote. Tangazo lenye tarakimu lingempa mwombaji kile ambacho aliye ng'ambo ya meza anacho tayari. Kwa Kiminini lingepaswa kutaja zaidi ya fedha, kwa sababu urithi wa skwota haujaisha, na mfanyakazi anayekaa kwa mwajiri bado hulipwa sehemu kwa chakula na chumba. Liandike mshahara, chakula kama kipo, nyumba kama ipo, siku za mapumziko, na kima cha chini kilichowekwa na amri ya serikali kwa kazi hiyo na mahali hapo, vyote kwa Kiswahili. Sharti la kutaja kima cha chini ndilo litakalopingwa zaidi na waajiri, maana wako wanaolipa chini yake.